Mjadala: Tusimamishe mitambo ya upepo kando ya ziwa hapa Kisumu, ndiyo au la?

Fundi Nyamasaria (mleta mada):
Barazani kwetu mtu ameinuka akasema dawa ya stima ya Kisumu ni mitambo ya upepo, ipangwe kuanzia Dunga mpaka upande wa Seme. Makofi yakapigwa. Mimi sikupiga, nikaitwa mpinga maendeleo, ndiyo maana naileta hoja hapa.

Kazi yangu ni kuchomelea mageti. Ikifika saa moja jioni volti zinashuka, elektrodi inanata kwenye chuma badala ya kuwaka, balbu inabaki na wekundu tu. Kwa hiyo stima naitaka kuliko huyo msemaji. Swali langu: upepo wetu unavuma saa ngapi?

Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya ziwani inavutwa kuja mjini. Usiku mambo yanageuka, upepo unatoka huku kwenda ziwani. Kati ya zamu hizo mbili, jua linapozama, kuna utulivu. Wavuvi wa omena wanaijua hiyo saa. Na ndiyo saa kila nyumba imewasha taa, pasi na televisheni.

Tena upepo wa kupeperusha nguo kwenye kamba usikudanganye. Mtambo mkubwa hauanzi kutoa stima mpaka upepo ufike mita 3 au 4 kwa sekunde, na hautoi nguvu zake zote mpaka ufike 12 au zaidi. Hapo katikati hesabu ni katili: kasi ikipungua nusu, nguvu haipungui nusu, inabaki sehemu moja kati ya nane. Na ukivuma kupita mita 25 hivi, mtambo unazimwa usije ukavunjika.

Dada wa Kondele:
Fundi, kwa heshima zote, hizi ni hoja za mtu aliyezoea kuambiwa angoje. Loiyangalani kule Marsabit ipo mitambo 365, megawati 310. Kipeto kule Kajiado ipo 60, megawati 100. Sisi tukawekewa mtambo wa kuchoma mafuta pale Muhoroni, na gharama ya mafuta inatufuata mpaka kwenye tokeni. Upepo hauagizwi kwa meli. Hata ukivuma mchana peke yake, mafuta yatapumzika mchana. Wenye posho mill na saluni wanafanya kazi mchana. Si kila mtu anachomelea mageti jioni!

Fundi Nyamasaria:
La saluni nalikubali, dada. La Loiyangalani sikubali. Pale hewa inabanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda zetu za juu, inapita kwa kasi karibu mwaka mzima. Huwezi kulihamisha pengo lile lije huku kwenye ghuba yetu ya Winam.

Kijana wa Boda:
Upepo ukikosekana si tuwashe feni kubwa tuielekeze kwenye mtambo 😂

Mwanafunzi, Maseno:
Umetania, bro, lakini kuna watu wanauza wazo kama hilo mitandaoni na wanapata wanunuzi. Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba mapanga hayawezi kunyonya zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu iliyomo kwenye upepo. Ungeichukua yote, hewa ingesimama nyuma ya mapanga na kuzuia inayokuja. Halafu uondoe hasara ya gia na jenereta. Kitu kingine ambacho hamjagusa ni mwinuko: Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Upepo wa kasi ileile unatoa stima pungufu, na Nakuru inapungua zaidi.

Mzee wa Naivasha:
Wanangu, mnabishania upepo wakati sisi tumeishi nao. Mimi ni jirani wa Olkaria, kwenye mitambo ya stima ya mvuke wa ardhini. Upepo wa kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, hupamba moto usiku, watu wakiwa wamelala na viwanda vimepunguza kazi. Mkataba unasema stima ile ikiwepo inunuliwe. Basi Olkaria inapunguzwa na mvuke unaachiliwa hewani, kwa sababu kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kama bomba la jikoni. Stima ya mvuke, isiyojali jua wala upepo, ndiyo inayotupwa.

Halafu waya. Mitambo ya Marsabit ilikamilika 2017, ikakaa mpaka Septemba 2018 ikingoja laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda kituo cha stima cha Suswa. Fidia ya mabilioni ililipwa kwa stima ambayo hakuna aliyeiwasha. Na hapo jirani, Kinangop, mradi wa megawati 60.8 ulikufa 2016 baada ya wakulima kugoma kwa ajili ya mashamba yao. Mmewauliza watu wa Dunga?

Dada wa Kondele:
Mzee, shikamoo. Kinangop inanifundisha kwamba wenyeji waulizwe mapema. Haisemi mradi usiwepo.

Mwanafunzi, Maseno:
Dunga mtaulizwa na ndege pia. Kile kinamasi cha mafunjo kina ndege wasiopatikana pengine popote isipokuwa kwenye mafunjo. Kipeto wameajiri watu wa kuangalia tumbusi angani, wakikaribia mtambo unasimamishwa.

Kijana wa Boda:
Si Sondu Miriu iko hapo Nyakach? Upepo ukizima, fungulieni maji.

Fundi Nyamasaria:
Wazo zuri, ila Sondu Miriu, megawati 60, haina bwawa kubwa la kuhifadhi. Inatumia maji yanayopita, na kiangazi mto unapopungua nayo inapungua. Kwa upepo ungehitaji betri, na bei ya betri iingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, si baada ya makofi.

Mzee amenisaidia kusema nilichotaka. Ipo laini iliyojengwa kutoka Olkaria kupitia Lessos hadi huku. Kama mvuke unatupwa usiku, basi pesa yangu ya kwanza ingekwenda kwenye betri za kubeba stima yake mpaka saa moja jioni ya kesho yake, na kwenye transfoma za mitaa. Ya kwetu inalisha nyumba zilizoongezeka maradufu tangu ifungwe. Hata ukisimamisha mitambo 100 Dunga, elektrodi yangu itaendelea kunata.

Dada wa Kondele:
Transfoma nakuunga mkono. Upepo bado sijaachia. Isimamishwe nguzo ya kupima, mwaka mzima, kabla mtu yeyote hajasema ndiyo wala la.

Fundi Nyamasaria:
Hilo natia sahihi. Lakini iende mita 80 juu, kwenye kimo cha mapanga, wasije wakafunga kipimo juu ya paa la ofisi. Na vipimo vya saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku viandikwe kivyake, visichanganywe na vya mchana.