Tupeane uzoefu: Kuifikisha baiskeli mahali pa kuanzia safari ndefu, tukitokea Mwanza

Salaam kwenu nyote. Tumejadili sana barabara, gia na vilima, lakini ni mara chache tumezungumzia safari inayotangulia safari, yaani jinsi mtu anavyoifikisha baiskeli yake ikiwa nzima, na mwili wake ukiwa haujachoka, mahali anapotaka kuanzia. Naomba nianze, nanyi mtajazia.

Nilikusudia kuendesha kutoka Bukoba kurudi Mwanza kwa upande wa magharibi wa ziwa, kupitia Muleba, Chato na Geita. Kufika Bukoba nilichagua meli, MV Victoria, ile iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, na hadi leo sijaona usafiri unaoizidi kwa mtu mwenye baiskeli. Meli huondoka usiku na kufika asubuhi, kwa hiyo unalala njiani na kuanza kuendesha mchana ukiwa mbele yako. La muhimu zaidi ni kwamba baiskeli haifunguliwi hata skrubu moja: unaisukuma mwenyewe hadi sehemu ya mizigo, unalipia, unapewa stakabadhi, kisha unaifunga kwenye nguzo kwa vipande vya mpira wa tyubu, upande wa mnyororo ukitazama nje ili isiegemee sehemu ya gia. Fika bandarini mapema, kabla shehena haijapangwa, kwa sababu wabebaji wakishaanza kazi hawana muda wa kusikiliza habari za spoku. Wanaosafiri kinyume, kutoka Bukoba kuja kuanzia Mwanza, wajiandae kwa jambo jingine: meli hujaa mikungu ya ndizi, na baiskeli iliyotangulia kuingia yaweza kuwa chini kabisa wakati wa kushuka.

Zingatieni pia kwamba meli hupitia Kemondo kabla ya Bukoba. Kwa anayeelekea Muleba, kushuka Kemondo kunampunguzia kipande cha barabara, ingawa mimi huona kwamba anayeanza safari ya kuzunguka ziwa bila kunywa kahawa ya Bukoba amejinyima mwenyewe.

Mchangiaji wa Nyegezi:
Ahsante, ndugu. Meli ni nzuri, lakini haiondoki kila saa unayoitaka wewe, na wengine likizo zetu ni fupi. Mimi hutumia basi kutoka stendi ya Nyegezi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, njia ya Kigongo na Busisi haina tena foleni ya kivuko, na daraja hilo lenye urefu wa takribani kilomita 3 limetuondolea zile saa ambazo abiria alikuwa akizimaliza kwa kula samaki wa kukaanga akisubiri zamu. Tatizo la basi ni buti. Safari moja utingo aliilaza baiskeli yangu upande wa gia, akaweka magunia juu yake, nami nikashuka nikakuta kile kipande kinachoshikilia gia za nyuma kimepinda, ikabidi fundi wa mtaani ainyooshe kwa spana na uvumilivu. Tangu hapo huondoa gurudumu la mbele na pedali, hugeuza usukani, na husimama hapo hapo kwenye buti hadi mlango ufungwe. Nauli ya mzigo nayo ikubaliwe kabla baiskeli haijaingia, maana ikishakuwa ndani bei hupanda.

Mchangiaji wa Magu:
Kwa heshima zote, wakuu, mimi huanzia mlangoni kwangu. Barabara ya Musoma inapita Magu, na kutoka hapa naendesha hadi Lamadi, Bunda na kuendelea hadi Sirari bila kumbembeleza utingo yeyote.

Mchangiaji wa Bukoba:
Shikamooni wakubwa. Naongezea kwa wanaotaka kuanzia Mutukula na kuingia Uganda kuelekea Masaka. Kutoka Bukoba hadi mpakani ni kama kilomita 80, na magari ya abiria hubeba baiskeli juu ya keria bila shida. Kinachowakwamisha watu ni karatasi. Mbali na pasipoti au hati ya kusafiria, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na usiiache hadi wiki ya mwisho, kwa kuwa cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Ukishachanjwa, cheti hicho ni cha maisha yote.

Mwanzilishi wa mada:
Marahaba, mdogo wangu, hilo la siku 10 ni la maana sana. Kuna mwenzetu aliyeniuliza faraghani kuhusu ndege kutoka Dar es Salaam. Kwa kawaida utatakiwa kuifungasha baiskeli na kupunguza upepo kwenye matairi. Maduka ya baiskeli mpya hutupa maboksi zilimoletwa, kwa hiyo omba moja mapema. Pampu na spana ziwe kwenye mzigo mkubwa, si kwenye begi la mkononi. Na kama safari yako inaishia hapa hapa Mwanza, liache boksi kwa mwenyeji wako, kwani utalihitaji tena siku ya kurudi.