Tupeane uzoefu: bosi gani alikufanya ukalitoa wazo lako kazini, na yupi alikufanya ukakaa nalo?

FundiNjiro (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Niko Arusha, gereji ya magari ya utalii. Masika ndiyo msimu wetu: wageni wamepungua, magari yamerudi, tunayavua moja moja. Zamani kila fundi hapa alikuwa na siri zake. Mzee wetu wa umeme akifika kwenye waya fulani anakutuma soda dukani, ukirudi kashafunga kila kitu. Sikumlaumu. Ujuzi ule ndio uliokuwa unamlinda asipunguzwe.

Akaja mkuu mpya wa karakana. Cha kwanza alitamka, tena mbele ya mkurugenzi, kwamba hakuna atakayeondolewa eti kwa sababu dogo aliyemfundisha sasa anaiweza kazi yake. Kisha akatundika ubao: gari gani, limevunjika nini, limevunjikia wapi. Madereva nao wakatakiwa waandike, siyo kutupa funguo mezani na kwenda zao.

Siku moja dogo msaidizi, hata leseni hana, kasimama pale ubaoni na chai yake: "Mbona bawaba za mlango wa nyuma zinapasuka kwa magari yenye tairi mbili za akiba mlangoni tu?" Madereva walijua zinapasukia kati ya Naabi na Seronera huko Serengeti, kwenye ile barabara ya mawimbi. Sisi tulijua kuchomelea. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake! Tairi moja ikahamia chini ya chesisi, na ubaoni pakaandikwa jina la dogo. Kwenu ikoje?

Mgumu wa Machame
Aisee, huo ubao wenu sisi tunao wa mdomo. Kiongozi wetu wa msafara tukishuka Kilimanjaro, kabla hata tipu haijagawanywa, anatukalisha wote, wapishi kwa sisi wagumu, yaani wabeba mizigo, na anaanza kumuuliza wa chini kabisa. Anasema akianza yeye, wengine wote watasema "ni kweli kaka".

Mimi ndiye nabeba mtungi wa gesi, kwa hiyo ndiye najua unaishia wapi. Kambi ya Barafu ni zaidi ya mita 4,600, maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, maharage yanakutazama tu. Nikasema tupande na sufuria ya presha. Mpishi akaruka: getini mzigo unapimwa, mwisho kilo 20, hilo lisufuria litakaa wapi? Kiongozi hakumtetea mtu. Akaleta mzani, tukapima sufuria, tukakadiria na gesi ambayo tusingeibeba. Sufuria ikashinda. Mpishi sasa anaiita yake, sijali, naendelea kula maharage yaliyoiva.

Dada Mapokezi
Moshi hapa, hoteli sitaitaja. Nilishauri mizigo ya wageni wanaopanda mlima ifungwe utepe kwa rangi ya siku wanayoshuka, tusipekue stoo nzima saa nne usiku. Meneja akasema "tutaliangalia". Wiki iliyofuata kalipeleka kwa mwenye hoteli, kwa jina lake, na utepe upo hadi leo. Nina mawazo mengine mawili mazuri kweli kweli. Nimeyakalia.

Kaizeni_A-Town
Pole dada. Nimepita kwenye mafunzo ya kaizeni, ile njia ya Wajapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, na hapo kwenye jina ndipo watu wengi wanapokwama. Toyota walianza mpango wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951, na kwenye mstari wao wa kuunda magari mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, msimamizi anakuja kumsaidia. Hapa kwetu tunatundika sanduku la maoni tukidhani tumemaliza. Ukivuta kamba ukatukanwa, nani atavuta tena?

Halafu kuna hii ya kampuni ya 3M, Marekani. Mwaka 1968 Spencer Silver alipata gundi dhaifu, inashika na kubanduka. Haikuwa na kazi, ila aliendelea kuwaeleza wenzake pale kampuni. Miaka kadhaa baadaye Art Fry, mwanakwaya, alichoka na vikaratasi kudondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo, akaikumbuka gundi ile. Post-it, vile vikaratasi vya kubandika na kubandua, ikaingia rasmi sokoni Marekani mwaka 1980. Wanakwaya wa Moshi mpo?

Mama Cherehani
Hadithi tamu, lakini mimi ndiye ninayelipa kodi ya fremu. Nilimfundisha binti kukata suti za kike, vipimo vyote, hadi ujanja wa bega. Leo yuko ng'ambo ya barabara, anakata suti zangu kwa bei pungufu. Hiyo kamba ya Toyota inamvuta nani arudi?

FundiNjiro
Mama, shikamoo. Hilo ni kweli, kwetu pia wawili wameondoka. Bosi alichofanya: fundi mkubwa analipwa nyongeza dogo wake akianza kupewa gari peke yake, na dogo naye mshahara unapanda siku hiyo hiyo. Wengi huondoka kwa sababu wanajua kazi ya fundi na wanalipwa ya msaidizi. Yule binti alikuwa analipwaje alipoanza kukata suti?

Mama Cherehani
Marahaba. Ya msaidizi.

Dada Mapokezi
Mama, ukiajiri mtu wa mapokezi nistue. Nakuja na mawazo yangu mawili.