Mafundi kompyuta wa Tanga, kuzima siyo kuchomoa! Mpwa wangu kanusurika

Wakuu, habari za mchana. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kusubiri zipoe.

Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, kompyuta tatu za mezani na mashine ya fotokopi. Wiki iliyopita moja ikaanza kujizima katikati ya kazi, wateja wamejipanga na vyeti vyao mkononi. Nikamwita fundi. Ni mtu tunayeheshimiana miaka mingi, na mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne nimemweka kwake ajifunze kazi. Wakaja wote wawili.

Fundi akazima mashine, akafungua ubavu, akaingiza mkono. Waya bado uko ukutani. Mimi si fundi ila macho ninayo: kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, kuna taa ndogo ya kijani, ilikuwa inawaka vilevile. Nikamwambia, "Fundi, mbona taa inawaka?" Akanijibu, "Mzee, nishazima, hiyo ni kawaida."

Kweli ni kawaida. Pawa saplai, lile boksi la ndani linaloilisha kompyuta umeme, ikiwa imechomekwa huendelea kupeleka volti 5 kwenye bodi hata mashine ikizimwa, ili ukibonyeza kitufe iamke. Maana ya ile taa ni kwamba bodi ina umeme, usichomoe kitu wala usichomeke. Yeye akachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu, akaisugua kwa ufutio, akairudisha, kisha akaanza kulegeza skrubu. Bisibisi ikateleza. Cheche moja, taa ikazimika, haikuwaka tena.

Ingekuwa imeishia hapo ningelalamikia hasara tu.

Akasema pawa saplai imekufa. Sasa ndipo akachomoa waya ukutani, akalitoa lile boksi, akampa kijana: "Fungua hiyo, cheki fyuzi." Hazikupita dakika mbili. Kijana akatoa skrubu nne, akainua bodi ya ndani kwa mkono mtupu, kidole gumba na cha shahada vikagusa miguu ya kapasita kubwa, kile kikopo kinachotunza umeme, kwa chini. Hakupiga kelele. Nilichosikia ni kiwiko chake kugonga rafu ya chuma na rimu za karatasi kumwagika. Nageuka, amekaa sakafuni ameshika mkono, midomo imempauka. Kila kidole kina kidoti cheusi, kama kimechomwa na ncha ya msumari wa moto.

Fundi akasema, "Shoti ndogo hiyo, ndiyo anaingia kwenye ufundi."

Shoti ndogo! Umeme wetu wa ukutani ni volti 230. Ukishageuzwa kuwa DC, yaani umeme wa mkondo mmoja, mle ndani, unajikusanya kwenye ile kapasita mpaka kama volti 325, na ukichomoa waya haukimbii papo hapo. Tena iliyokufa ndiyo mbaya zaidi. Pawa saplai nzima huendelea kuunyonya umeme uliobaki hadi ukaisha. Iliyokufa haina cha kuunyonya, umeme umekaa pale. Zipo rezista za kuumwaga taratibu, ila nazo hufa, na kwa macho hujui. Boksi lile hubandikwa onyo la kutofungua kwa sababu hiyo. Hubadilishwa zima, hampewi mwanafunzi alipekue. Nilipokuwa mdogo, mzee aliyekuwa anatengeneza TV za chogo mtaani kwetu alikuwa anatufukuza kabisa akifungua mgongo wa TV, na alikuwa hacheki.

Jioni nikaikagua soketi yenyewe. Tundu la juu limesukumiwa kifuniko cha kalamu ya wino ili plagi ya pini mbili iingie. Fundi huyohuyo ndiye aliyekata plagi ya pini tatu iliyokuja na waya, akafunga hii. Kwa hiyo kasha la chuma halina ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Nikakumbuka binti anayenisaidia dukani alivyokuwa analalamika miezi yote kwamba ukigusa ubavu wa mashine vidole vinawasha, na mimi namwambia avae ndala. Hilo ni kosa langu na nimemwomba radhi.

Najua wengine mtaniletea habari za umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini, na bangili ya mkononi ya kuuondoa. Sawa, umeme tuli unaua RAM bila wewe kuusikia. Lakini bangili ile huvuliwa kabla ya kugusa pawa saplai, maana inakuunganisha na ardhi. Na haiwezi kuwa mbadala wa kuchomoa waya.

Zahanati walimpima mapigo ya moyo, wakamwangalia saa kadhaa, Mungu saidia yuko salama. Dada yangu alikuja usiku ule, hakugomba. Aliniambia tu, "Kaka, mimi nilikupa mtoto." Sikuwa na jibu mpaka leo.

Jana fundi kanitumia ujumbe, anadai 30,000 ya usumbufu. Simlipi hata shilingi, na kijana harudi kwake.

Mashine mbili zilizobaki nimezichomoa ukutani, kazi imesimama. Kama kuna anayemjua fundi hapa mjini ambaye kitu cha kwanza anachofanya ni kuchomoa waya, na anayeweza kunirudishia ethi kwenye soketi zote nne, aniambie yuko barabara ya ngapi. Nitamfuata mwenyewe.