Chatu wa rangi ndani ya nyumba ya kupanga: waruhusiwe?

Mkazi wa Njiro: Wakuu, mmeiona ile picha ya kijana wa hapa Arusha amejivisha shingoni chatu mweupe mwenye mabaka ya manjano, anasema atawazalisha auze? Swali langu ni moja. Nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na jirani: mtu binafsi aruhusiwe, au nyoka wabaki kwenye bustani yao ya Meserani tu?

Chalii wa Sakina: Aruhusiwe, kwani anamla nani? Hao ni wale chatu wafupi wa Afrika Magharibi, huko Ghana, Togo na Benin. Wengi hawavuki mita moja na nusu, hawana sumu, wakiogopa wanajiviringa na kuficha kichwa katikati. Mbwa wa hukohuko Njiro wameng'ata watu wangapi na hakuna aliyewafungulia mjadala?

Mama Junior: Hana sumu! Akitoroka saa nane usiku akaingia chumbani kwangu nimsachi kwanza? Kifutu naye hulala kimya hivyohivyo mpaka umkanyage. Na Marekani mnayoisifia, si wanalia na chatu kule Florida? Halafu jiulizeni, kijana hana kazi ya kueleweka, hela ya nyoka wa kutoka nje kaitoa wapi? Sisi tuliokulia Moshi tunawajua wenye nyoka ndani. Maduka yao hayafilisiki.

Chalii wa Sakina: Wa Florida ni chatu wa Burma, jitu la mita tano. Usichanganye mafaili.

Mangi wa Rau: Mama Junior, hapo umenigusa. Yaani Mchaga akifungua duka la pili basi ana nyoka anayetapika hela. Baba yangu ameuza mitumba Kiboriloni tangu sijazaliwa, anaamka saa kumi alfajiri, na bado watu walimwambia mama kuna joka uvunguni. Uvunguni kulikuwa na mabelo.

Mama Junior: Sijataja kabila la mtu. Aliyeguswa ana sababu zake.

Mangi wa Rau: Unatupa jiwe halafu unajifanya ulikuwa unajikuna. Hao wenye nyoka unawajuaje, ulikuwa unawapelekea mayai?

Dereva wa Noah: Tuwe wakweli mangi, nyoka wa hela yupo au hayupo? Nauliza kwa nia njema, rejesho la gari linanibana.

Mfuga Kobe: Jamani, kuna sheria ya wanyamapori ya 2009. Mnyamapori hafugwi bila kibali, na wenye mamlaka hayo ni TAWA, wale wa usimamizi wa wanyamapori. Ukimwokota chatu wa porini kule Kahe ukamweka kwenye beseni, huo si ufugaji, hiyo ni kesi. Na huyu wa Afrika Magharibi naye yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, havuki mpaka bila karatasi. Kwa hiyo kabla ya kubishania jirani, muulizeni kijana karatasi ziko wapi.

Ila kinachoniuma mimi ni hizo rangi. Porini hutokea mara chache sana. Huo weupe wenye manjano lazima mtoto aurithi kwa baba na kwa mama: ukipandisha wawili wanaoubeba bila kuuonyesha, kila yai lina nafasi moja kati ya nne. Ndiyo maana wafugaji wengine humpandisha mtoto na mzazi wake mpaka rangi itoke. Ipo rangi inaitwa spaida, michirizi myembamba, inapendeza kweli. Kinasaba kinacholeta michirizi hiyo kinavuruga na mizani ya mwili: nyoka anatikisa kichwa, anakipindua juu chini, mwingine anarusha mdomo na kumkosa panya aliye mbele yake. Wauzaji wanalijua hilo na bado wanawazalisha. Halafu mayai yanataka nyuzi 31 au 32 kwa karibu miezi miwili. Kwa baridi ya Arusha ya mwezi wa saba na umeme wetu huu? Afadhali Moshi.

Chalii wa Sakina: Afadhali Moshi nini? Watu wanaooga mara tatu kwa siku ndio wa kutufundisha hali ya hewa? Sanduku lenye taa na kipimajoto halijui kama liko Sakina au Majengo.

Mangi wa Rau: Chuga mnavaa makoti kwenye daladala saa saba mchana. Nyoka wenu atavishwa sweta.

Mama Junior: Na panya wa kumlisha wanafugwa wapi? Ukuta huohuo mmoja?

Chalii wa Sakina: Panya weupe, wa kufugwa, unampa aliyekwisha kufa. Akishakuwa mkubwa anaweza kukaa wiki mbili kati ya mlo na mlo. Paka wako anakula zaidi.

Mama Junior: Paka wangu muache.

Mfuga Kobe: Kuhusu wanaotikisa kichwa, hakuna mwenye neno?

Dereva wa Noah: Mimi mwenyewe natikisa kichwa nikiona bei ya dizeli.

Mkazi wa Njiro: Wakuu, niseme tu. Nyumba anayopanga huyo kijana ni yangu. Mkataba unakataza mbwa na kuku, nyoka sikumfikiria. Naweza kumtoa kabla kodi yake ya miezi sita haijaisha?

Dereva wa Noah: Kodi amelipa yote?

Mkazi wa Njiro: Yote. Keshi.

Mama Junior: Si nilisema.

Mangi wa Rau: Mzee, mrudishie hela yake ya miezi iliyobaki au mwache alale. Na huyo mama apewe namba ya nyumba akatafute uvunguni.