Seli za neva zinazotazama nukta: zinaamua, au zinaakisi tu uamuzi?

Msomaji_Makini ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimekuwa nikisoma kuhusu kazi ya William Newsome wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye pamoja na wenzake aliwafundisha tumbili aina ya makaki kutazama kundi la nukta kwenye skrini, kisha kuonyesha kwa kuhamisha macho nukta hizo zinaelekea wapi. Nimeelewa kwamba walirekodi seli moja moja za neva mnyama akiwa kazini, na kwamba baadhi ya seli zilitoa mipigo (ishara fupi za umeme) mingi zaidi mwendo ulipoelekea upande fulani. Kinachonitatiza ni hatua inayofuata. Makala nyingi huruka kutoka kauli ya kwamba seli hubadilika mnyama anapoamua hadi kauli ya kwamba seli hiyo ndiyo inayoamua, nami sioni daraja kati ya kauli hizo mbili. Mshale wa spidi hupanda gari linapoongeza mwendo, lakini hakuna anayedai kwamba mshale ndio unaolisukuma gari. Je, daraja hilo limewahi kuvukwa kwa majaribio? Na kama limevukwa, ni kwa upande wa kuona tu, au hata kwa upande wa kuamua?

Darubini amejibu:

Ndugu Msomaji, kwa upande wa kuona daraja limevukwa, na ninaamini kazi hiyo ni miongoni mwa zile zilizofanywa kwa umakini mkubwa kabisa katika fani hii.

Ujanja wote umo katika zile nukta. Nyingi huruka ovyo, kila moja kivyake, na ni sehemu tu inayosogea pamoja upande mmoja. Mtafiti anaweza kuipunguza sehemu hiyo kutoka asilimia 51.2, ambapo jibu liko wazi kwa yeyote mwenye macho, hadi asilimia 3.2, ambapo mtazamaji hubaki akibahatisha huku akihisi kwamba kuna kitu amekiona. Anaweza hata kuifikisha sifuri, na hapo hakuna jibu sahihi, lakini mnyama bado hulazimika kuchagua. Kwa njia hiyo kinachoonyeshwa na kinachochaguliwa huweza kutenganishwa.

Eneo lililochunguzwa kwanza linaitwa MT, nalo limo katika gamba la ubongo, katika sehemu inayoshughulikia kuona. Mwaka 1988 Newsome na mwenzake Edmond Paré walionyesha kwamba eneo hilo likiharibiwa, mnyama huhitaji nukta nyingi zaidi zinazosogea pamoja ndipo atambue mwelekeo, ilhali uwezo wake wa kutofautisha mwanga na giza hauguswi. Mwaka uliofuata kikundi hicho kilitoa tokeo ambalo hadi leo hunishangaza: ukihesabu mipigo ya seli moja tu ya MT na kukisia mwelekeo kwa hesabu hiyo, mara nyingi utapatia sawa na mnyama mzima, na pengine kumzidi.

Hayo bado ni mshale wa spidi, nakubali. Jaribio unalolitafuta ni la mwaka 1990, lililofanywa na Daniel Salzman, Kenneth Britten na Newsome. Katika MT, seli zinazopendelea mwelekeo mmoja hukaa pamoja, kwa hiyo umeme mdogo wa mikroampea 10 unaopitishwa kwenye ncha ya elektrodi, yaani waya mwembamba unaoingizwa katika ubongo, huzichochea seli zenye upendeleo wa aina moja. Walipofanya hivyo, tumbili walianza kuchagua zaidi upande unaopendelewa na seli hizo, kana kwamba nukta kadhaa zimeongezwa kwenye skrini. Tena zawadi ilitolewa kwa kufuata nukta halisi na si umeme, kwa hiyo mnyama aliyeufuata umeme alijikosesha zawadi. Hapa mshale umesukumwa kwa kidole, na gari likageuka.

Mizani_ya_Hoja amejibu:

Naunga mkono maelezo ya Darubini, ila ningependa kuongeza kwamba MT haiwezi kuwa mwisho wa safari. Seli zake hueleza mwendo uliopo sasa hivi tu, na nukta zikizimwa hunyamaza. Anayeamua anahitaji kuweka akiba ya ushahidi wa muda mfupi uliopita, kama mtu anayeongeza mawe kwenye mizani mpaka upande mmoja uzame.

Akiba ya namna hiyo ndiyo Michael Shadlen na Newsome walidhani wameiona katika eneo la LIP, lililo katika gamba la pembeni la ubongo na linalohusika na kuelekeza macho, katika matokeo waliyochapisha mwaka 1996. Mipigo ya seli za huko haikuruka ghafla bali ilipanda polepole, kwa kasi zaidi pale ushahidi ulipokuwa na nguvu. Mwaka 2002 Jamie Roitman na Shadlen walimwachia mnyama ajibu wakati wowote akiwa tayari, wakakuta kwamba takriban milisekunde 70 kabla macho hayajahama, mipigo ilifikia kiwango kile kile, liwe swali gumu au jepesi. Ilionekana kama kizingiti: ushahidi ukifika hapo, uamuzi umekwisha. Maelezo hayo yalioana vizuri na mfano wa kihesabu ambao Roger Ratcliff alikuwa ameutunga mwaka 1978 kuhusu kumbukumbu za wanadamu, miaka mingi kabla mtu yeyote hajatia elektrodi katika LIP kwa swali hili.

Msomaji_Makini ameandika:

Nawashukuru nyote wawili. Basi swali langu sasa linahamia LIP. Mshale wa huko nao umesukumwa?

Darubini amejibu:

Umesukumwa, na gari likakataa kugeuka. Mwaka 2016 Leor Katz, Jacob Yates, Jonathan Pillow na Alexander Huk waliinyamazisha LIP kwa dawa ya musimoli, inayozima seli kwa muda, na usahihi wa wanyama katika kazi ya nukta haukubadilika kwa kiasi kinachopimika. Walipoinyamazisha MT kwa dawa hiyo hiyo, uwezo wa kutambua mwelekeo ulianguka vibaya. Kwa maneno mengine, seli zilizokuwa zikifanana mno na uamuzi zilionekana hazihitajiki, na wengi, nami nikiwamo, tulidhani hadithi imeishia hapo.

Mizani_ya_Hoja amejibu:

Haikuishia hapo. Mwaka 2019 Yang Zhou na David Freedman walionyesha kwamba kuinyamazisha LIP huharibu maamuzi, hasa pale kinachotazamwa kinapokuwa katika upande wa uwanja wa kuona unaohudumiwa na sehemu iliyozimwa. Kisha mwaka 2022 kikundi cha Shadlen kilikuta kwamba LIP ikizimwa mnyama huanza kuegemea upande mmoja, lakini egemeo hilo hufifia kadiri kipindi cha majaribio kinavyoendelea, na mnyama huzidi kuimudu hali hiyo kadiri siku za majaribio zinavyoongezeka. Ukichukua wastani wa kipindi kizima, athari ya mwanzoni humezwa. Kwa hiyo jaribio la kuzima lina udhaifu wake ambao mfano wa mshale hauuonyeshi: kifaa cha gari hakijirekebishi fundi anapokichomoa, lakini ubongo hutafuta njia nyingine mtafiti akiwa bado anahesabu.

Ningeongeza jambo moja kuhusu mahali uamuzi unapofanyika katika ubongo. Mwaka 2025 ushirikiano wa maabara 12 ulichapisha rekodi za seli zaidi ya 600,000 kutoka katika panya 139 waliokuwa wakifanya uamuzi wa kuona, zikigusa maeneo 279 ya ubongo. Dalili za picha iliyoonyeshwa zilionekana katika maeneo machache kiasi, lakini dalili za kitendo na za zawadi zilitapakaa karibu kila mahali. Panya si tumbili, na kazi haikuwa ile ile ya nukta, hivyo singeyahamisha matokeo hayo moja kwa moja hadi LIP. Hata hivyo, anayeuliza ni seli ipi iliyoamua anapaswa kwanza kueleza ni katika milisekunde ipi, na ubongo ukiwa umepata muda gani wa kulizoea pengo.

Msomaji_Makini ameandika:

Nimeelewa, na nimeuondoa mshale wa spidi katika maelezo niliyokuwa nikiyaandaa kwa ajili ya wanafunzi wangu. Nitaanza na jaribio la mwaka 1990, kisha nitawawekea lile la 2016 na lile la 2022 ubavu kwa ubavu, nione watakachokiuliza.