Tupeane uzoefu: pikapu ya zamani inapozima njiani na pampu ya mafuta ikawa kimya

Pikapu ya 96
Jana asubuhi pale Ubungo dereva mmoja alizungusha stata ya pikapu yake hadi betri ikaishiwa nguvu, na sauti ile ilinirudisha kwenye mwaka ambao nilikaribia kuliuza gari langu kwa bei ya chuma chakavu. Ni la petroli, la mwaka 1996, na pampu yake imo ndani ya tangi. Lilikuwa likizima bila dalili, likikaa kidogo linawaka, na fundi wa kwanza alipoona mafuta hayafiki mbele alihukumu papo hapo kwamba pampu imekufa. Nilinunua pampu mbili ndani ya miezi mitatu. Ya pili nayo iliponyamaza, mzee mmoja wa umeme wa magari alikuja na mita yake, akapima, akaniomba spana namba kumi, akafungua waya mweusi uliofungwa kwenye chasi juu ya tangi, akakwangua kutu na kuufunga tena. Gari halijazima kwa sababu hiyo hadi leo. Naomba kila aliyepitia jambo hili aeleze: tatizo ulilikuta wapi, na ulilijuaje?

Msafiri wa Tanga
Langu pia lilikuwa waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia chasi, mahali hapo hapo juu ya tangi.

Mama Vitunguu
Mimi si fundi, lakini siku ile sitaisahau. Tulikuwa tumepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, mimi na mdogo wangu anayeniendeshea, tukielekea Dar es Salaam. Siku mbili kabla ya hapo tulikuwa tumefungiwa pampu mpya, kwa sababu gari lilianza kukosa nguvu kwenye mlima wa Kitonga na kuzima. Jua lilikuwa linazama tulipoingia katika hifadhi ya Mikumi, na katikati ya hifadhi gari likakohoa mara mbili, likazima, likaserereka hadi pembezoni mwa barabara.

Mdogo wangu alifungua swichi bila kupiga stata, tukanyamaza tusikilize, kwa sababu gari lile ukifungua swichi husikika mlio mwembamba kutoka nyuma kwa muda mfupi. Hatukusikia kitu. Alibadilisha fyuzi ingawa ilikuwa nzima. Alichomoa rilei ya honi (rilei ni swichi ndogo inayofungwa kwa umeme), ambayo kwenye gari letu ni sawa kabisa na ile ya pampu, akaiweka mahali pa ile ya pampu. Akaishika kwa kidole nami nikafungua swichi, akasema imegonga, kwa hiyo amri inafika. Pampu ikabaki kimya. Wakati huo tembo walikuwa wameanza kuvuka mbele yetu, si mbali, mama na watoto, nasi tumezima taa na hatuthubutu hata kufunga mlango kwa nguvu. Tulikaa hivyo hadi wa mwisho alipoingia vichakani upande wa pili, na hata baada ya hapo tulisubiri muda mrefu.

Ndipo aliposhuka na tochi, nami nikasimama mlangoni nikiangaza macho pande zote huku mikono ikinitetemeka. Aligonga tangi kwa kipande cha ubao, hakuna jibu. Aliposhika soketi ya waya iliyo kwenye chasi, karibu na tangi, pampu ikalia. Akaiachia, ikanyamaza. Plastiki ya soketi ile ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, na pini moja imekuwa nyeusi. Aliibana kwa ukanda wa mpira wa baiskeli tuliokuwa tumefungia turubai, gari likawaka, na tukaenda hivyo hadi Morogoro bila kuzima injini hata mara moja.

Asubuhi fundi wa Morogoro alipima pampu ikiwa inafanya kazi: kwenye betri mita ilisoma volti 12.4, na kwenye pampu 8.1. Pampu ya zamani, ambayo nilikuwa bado nayo kwenye mfuko, aliijaribu akakuta ni nzima.

Rubani wa Fuso
Dada yangu, pole sana, lakini ndani ya hifadhi usiku mtu hashuki kwenye gari. Mngebaki ndani hadi gari la askari wa hifadhi au basi lipite.

Mama Vitunguu
Kaka, nakubali. Nimeeleza ilivyokuwa, sijamshauri mtu afanye hivyo.

Mwanafunzi wa Gereji
Shikamoo mama. Naomba kuuliza jambo moja linalonisumbua: yule aliyewafungia pampu mpya, je, hakupima umeme kabla?

Mama Vitunguu
Marahaba mwanangu. Alipima mbele yangu. Alichomoa soketi, akagusa kwa mita, ikasoma 12, akaniambia umeme upo, hivyo pampu ndiyo mbovu.

Fundi Mita
Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, na naomba nieleze kwa urefu kidogo. Soketi ikiwa imechomolewa, hakuna mkondo unaopita, kwa kuwa mita yenyewe haivuti umeme wa maana. Hata kama waya umebakiwa na uzi mmoja wa shaba, au pini imeungua nusu, mita itasoma 12 bila wasiwasi. Pampu inapounganishwa na kudai ampea zake tano au sita, uzi ule mmoja hauwezi kuzipitisha, na volti zinapotelea hapo hapo kwenye ubovu, ndiyo maana plastiki ikayeyuka. Kwa hiyo upimaji ufanyike pampu ikiwa imeunganishwa na imeamriwa kufanya kazi. Kama haikubali kabisa, mimi hutumia balbu ya taa kubwa ya wati 55, ambayo huvuta kama ampea nne na nusu: ninaiunganisha kwenye soketi badala ya pampu, tangi likiwa limefungwa na pasipo mvuke wa petroli. Ikiwaka kwa mwanga mkali, nyaya ni nzima na pampu ndiyo ya kushukiwa. Ikiwa nyekundu na dhaifu, usinunue pampu.

Baada ya hapo ninatafuta volti zimepotelea upande gani. Ncha moja ya mita naiweka kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ethi wa pampu, mzigo, yaani pampu au balbu, ukiwa unafanya kazi. Ikizidi sehemu mbili za kumi za volti, tatizo ni la ethi. Ikiwa chini ya hapo, ninafanya vivyo hivyo upande wa chanya, kuanzia betri, fyuzi, rilei, hadi soketi.

Dogo wa Mbagala
Kwa heshima zote, hayo yote ya nini? Mimi nilivuta waya mmoja kutoka betri, nikaweka swichi kwenye dashibodi, ukaenda moja kwa moja kwenye pampu. Mwaka wa tatu huu gari halijanisumbua.

Fundi Mita
Mdogo wangu, ukipata ajali ukapoteza fahamu, swichi hiyo atazima nani? Katika mfumo wa awali, injini ikisimama pampu nayo husimama. Katika mfumo wako bomba likikatika pampu itaendelea kumwaga petroli kwenye injini yenye moto.

Dogo wa Mbagala
Wewe una rilei dukani, sisi tunaambiwa tusubiri. Unataka gari lilale wiki nzima?

Msafiri wa Tanga
Nimeona gari lililoungua kwa waya wa namna hiyo, na haukuwa na fyuzi. Ninamuunga mkono fundi.

Rubani wa Fuso
Ndiyo maana mimi nimebaki na dizeli ya zamani, ambayo haina umeme wowote kwenye mafuta.

Fundi Mita
Hilo si kweli, mzee wangu. Dizeli nyingi za zamani zina kizibo cha umeme kwenye pampu ya sindano, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, kile kinachogonga ukifungua swichi. Waya wake ukichomoka injini inazima, hata kama tangi limejaa. Kwenye malori ya volti 24 nimekuta madereva wamefungua mabomba yote kutafuta hewa, kumbe waya mmoja umelegea.

Rubani wa Fuso
Kile cha kugonga nakijua. Sikujua kwamba nacho kinahesabiwa.

Mpwani wa Columbus
Niko Ohio, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo inakula kila kiungo kilicho chini ya gari. Nina Chevrolet ya mwaka 1990. Magari haya ukifungua swichi kompyuta huiwasha pampu kwa sekunde mbili tu kisha huzima, mpaka uzungushe injini. Aliyezoea gari lingine anaweza kudhani ni ubovu. Jambo lililonichanganya ni kwamba langu lilikuwa likiwaka, ila baada ya kuzungusha stata muda mrefu sana. Kumbe rilei ilikuwa imekufa, na umeme wa pampu ulikuwa ukipitia swichi ya shinikizo la oili, ambayo imewekwa kama njia ya akiba: shinikizo la oili likipanda ndipo pampu inapata umeme. Nilibadilisha rilei, likawaka mara moja.

Jirani yangu ana pikapu ya Toyota yenye injini ya 22R-E. Ya kwake ilikuwa ikiwaka wakati wa kuzungusha stata na kuzima mara tu anapoachia ufunguo. Kwenye injini ile kuna kibao kidogo ndani ya kipima hewa. Injini ikivuta hewa kibao husogea na kufunga swichi inayoishikilia rilei ya pampu. Tulifungua swichi, tukakisukuma kibao kwa kidole, pampu haikulia. Tuliunganisha kwa waya pini mbili zilizoandikwa Fp na +B kwenye kisanduku cha kupimia kilicho chini ya boneti, ikalia. Hapo tulijua pampu ni nzima na njia yake kutoka kwenye rilei ni nzima. Tulikuta swichi ya ndani ya kipima hewa haifungi.

Pikapu ya 96
Hilo la kuwaka na kuzima ukiachia ufunguo lilimtokea shemeji yangu, naye ameshanunua pampu. Nitampigia leo.

Dogo wa Mbagala
Fundi, nimefikiri. Kama nikibakiza waya wangu mnene kutoka betri, lakini nikaweka rilei ya kawaida ya pini nne inayoamriwa na waya wa awali, je, injini ikizima pampu itazima?

Fundi Mita
Itazima, na hivyo ndivyo ninavyofanya kwenye magari ambayo nyaya zake zimechoka. Waya wa awali utabeba amri tu, ambayo ni umeme mdogo sana, na wako utabeba mzigo. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya ampea 15 uiweke karibu kabisa na betri, na ethi mpya uifunge kwenye chuma kilichokwanguliwa hadi king'ae.

Dogo wa Mbagala
Jumamosi naifunga. Nitapima kabla na baada.