Sindimba ukumbini Ulaya: moto wa kukazia ngoma tutaupata wapi?

MpwaWaNanyamba
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Naandika kutoka Nanyamba, Mtwara. Kikundi chetu cha sindimba, ngoma ya Wamakonde, kina watu kumi na mmoja, na tumealikwa Hamburg, Ujerumani, na umoja wa Watanzania wanaoishi huko. Watakaokata tiketi wengi ni Wajerumani. Kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) tumeshaomba, pasi karibu wote wanazo. Kinachonikosesha usingizi ni ngoma.

Ngoma zetu ngozi imeshikwa na vigingi vidogo vya mti kuzunguka mdomo. Hakuna kamba ya kuvuta wala nati ya kukaza. Ikilegea, dawa yake moto. Kwetu tunawasha makuti makavu pembeni ya uwanja, mpigaji anaigeuzageuza, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha tena. Mjomba alinifundisha nifumbe macho wakati wa kuipasha ngoma moto. Alisema jicho litakudanganya, ngozi ikishakauka sauti inapanda yenyewe, na ukizidisha inapasuka mkononi. Ukumbi wa Hamburg umekataza moto wa aina yoyote, hata kiberiti.

Halafu tumepewa dakika ishirini. Sisi dakika ishirini vinganga, zile ngoma ndogo, ndiyo kwanza vinatafutana na ngoma kubwa.

Na linaloniuma zaidi: mwandaaji kaandika tuanze na "viuno vingi" ili watu wachangamke. Kiuno kipo kwenye sindimba, sikatai. Lakini kinaitwa na ngoma. Mchezaji anasubiri, anasikia pigo lake, ndipo anajibu. Ukikitanguliza kiuno, ngoma inabaki ya kusindikiza tu. Mliowahi kupiga huko, mlifanyaje?

MlindiWaBaridini
Kaka, mimi wa Mingoyo, Lindi, huku Ujerumani naingia mwaka wa tisa. Suala la moto nalijua vizuri. Onyesho langu la kwanza niliipasha ngoma moto kwa hita ya umeme, ikalia safi kabisa, nikaiacha karibu na mlango wa nyuma nikaenda kuvaa. Ilikuwa Novemba. Kurudi, napiga pigo la kwanza mbele ya watu, kama nagonga godoro. Niliona aibu mpaka leo.

Sasa nafanya hivi: hita ndogo nyuma ya pazia, ngoma zimefunikwa blanketi la sufu mpaka dakika ya mwisho, na mashine ya kukaushia nywele ya kurekebishia kati ya wimbo na wimbo. Isogeze umbali wa shibiri mbili, zungusha, usiielekeze sehemu moja. Taa za jukwaani nazo zina joto, kwa hiyo usikaze mpaka mwisho. Jambo jingine, kama kuna ngoma yenye ngozi ya swala iacheni nyumbani. Ngozi ya mnyama pori bila karatasi zake inazuiliwa uwanja wa ndege.

BibiWaMikindani
Mwanangu, marahaba. Mimi nazungumzia kiuno. Nilimwona marehemu Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, Ngome Kongwe, Unguja, kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara. Wazungu tele, na Kiswahili wengi hawakijui. Mwanamke mzee yule kaingia taratibu, kapiga ngoma yake, kaimba ya unyago, wala hakumkimbilia mtu. Watu wakanyamaza wakamfuata yeye. Naye alikuwa kungwi, alijua lipi la jukwaani na lipi la ndani.

Wachezaji wako wa kike waulize wao kwanza. Kuna michezo waliipata unyagoni, na wewe mwanamume huwezi kuitolea ruhusa. Mwandaaji mjibu kwa heshima: viuno vitakuja, ngoma ikishaita.

KoroshoGredi1
Dakika ishirini msizilalamikie sana. Sindimba ilishakatwa zamani na Kikundi cha Taifa cha Ngoma, miaka ya 60, ikaingia jukwaani na nchi nzima ikaijua kwa kiuno. Hilo ndilo mnaloweza kurekebisha. Chagueni nyimbo mbili badala ya sita, na kiitikio wafundisheni watazamaji kabla hamjaanza, silabi chache tu. Ngoma isiyoitikiwa imekufa. Ila safari yenu ni mwezi gani? Kama ni Oktoba, nani atabaki kuokota korosho?

MpwaWaNanyamba
Ahsanteni mno. Ni Machi, korosho zitakuwa zimeshaisha. Bibi, dada zetu nimewauliza jana: mchezo mmoja wameutoa, na wamekataa kunieleza kwa nini. Nimewaachia.

Leo nimeazima mashine ya saluni, tumejaribu kwenye ngoma kubwa. Dakika saba ikaanza kulia. Mjomba alikuwa amekaa barazani, macho kafumba. Akasema, "Bado kidogo." Nikaongeza dakika moja, akanyoosha mkono kuipokea.

Kaka wa Mingoyo, plagi za huko zinaingia hizi zetu za pini tatu, au tununue kiunganishi huku huku?